Uzi Mwekundu kwenye Fungu la Sherehe

Ukifungua kamusi yetu kwenye herufi Sh, ukateremka mpaka neno sherehe, utakuta maana mbili. Ya kwanza ni mkusanyiko wa watu wanaofurahia jambo. Ya pili ni maelezo ya maneno magumu yanayowekwa mwisho wa kitabu. Ya tatu haipo. Haipo kwa sababu yangu mimi, na kila nikiufikia ukurasa huo naupita haraka.

Mimi ndiye mhariri wa herufi hiyo. Ofisini wananiita Ndimu, wanadhani sijui. Najua, wala sijali, maana wenzangu wengi ni watu wa kuchekacheka tu na kamusi haiandikwi kwa meno. Chumba chetu kiko ghorofa ya pili, nyuma ya ngazi. Kina madirisha mawili, moja halifunguki, na makabati ya droo kutoka sakafuni hadi darini. Ndani ya droo kuna kadi. Kila kadi ni sentensi moja iliyosemwa na mtu kwa mdomo wake, imeandikwa kwa wino wa bluu, na pembeni kwa penseli pana tarehe na mahali iliposikika.

Aliyezianzisha kadi hizo ni Mzee Uzi. Nilimkuta hapo nikiwa binti mbichi wa miaka ishirini na minne, naye akanifundisha kazi kwa kunikatalia kila kitu. Maana haiingii kwenye kamusi bila kadi tatu za watu watatu. Mtu haulizwi, unamsikia tu akisema katika shughuli zake. Maneno ya mfanyakazi wa kamusi hayahesabiki, kwa sababu sisi tumeshaharibika. Na kubwa kuliko zote: kadi haiandikwi kwa kumbukumbu. Usipoandika papo hapo, imepotea hiyo, tafuta nyingine. Niliwahi kurudi mbio kutoka sokoni na sentensi tamu kichwani, nikaiandika mezani kwangu, akaichana mbele ya macho yangu. "Hiyo ni yako sasa, binti yangu," aliniambia. "Si ya yule mama tena." Nilimchukia wiki nzima.

Jina la Uzi lilitokana na jinsi alivyofunga kadi zake. Kadi za neno moja hufungwa fungu moja. Fungu ambalo bado linasubiri hufungwa uzi mweupe. Likikamilika linafungwa uzi mwekundu, maana zake zinaingizwa kwenye kompyuta, fungu linashuka stoo. Kwenye kompyuta inaingia maana tu; kadi zenyewe haziingii, tungemaliza lini? Na Mkurugenzi wetu huyu wa sasa, aliyehamishiwa kwetu kutoka ofisi ya mambo ya maji, sijui ya barabara, alitoa waraka kwamba migongo ya kadi nyekundu itumike kwa kazi nyingine za ofisi, kwa sababu ni karatasi ngumu na nzuri. Tulinung'unika siku mbili, tukanyamaza. Ndivyo tulivyo.

Mwaka huo herufi zote zilikuwa zimekwisha isipokuwa Sh, na Sh yote ilikuwa imekwisha isipokuwa fungu moja. Sherehe. Kadi arobaini na moja, uzi mweupe, miaka kumi na moja.

Si kwamba Mzee hakulijua neno. Alilijua mpaka matumbo yake. Angekueleza kwamba limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wa kufungua na kueleza jambo, ndiyo maana waandishi wa zamani waliyaita sherehe yale maelezo ya mwishoni mwa kitabu. Na kwamba mzizi huohuo huko ulikotoka unatumika pia kwa kifua kinachofunguka kwa furaha. "Kifua, binti yangu," alikuwa akisema, anajigonga pale penye vifungo vya shati. "Si turubai." Kwa sababu maana aliyokuwa akiitafuta ilikuwa ya tatu: sherehe isiyo na wageni. Furaha ndogo ya mtu mmoja, hakuna aliyealikwa. Alisema watu wanalitumia neno hivyo na kamusi zote zimewapuuza. Alikuwa na kadi mbili. Ya juu niliijua kwa sababu ilikuwa juu: mwanamke kwenye foleni ya hospitali, anamwambia mwenzake, "Jana nilikula, chakula kikatulia tumboni. Kwangu hiyo ilikuwa sherehe." Ya pili ilikuwa chini yake. Ya tatu haikuwepo, na bila ya tatu Mzee hakufunga.

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alivuta droo, akafungua uzi, akatazama, akafunga tena. Kila asubuhi iliyoletwa na Mungu! Nilikuwa nikimwambia, "Mzee, kadi hazizaani usiku." Anacheka kidogo, anarudisha droo. Tangu mkewe afariki, miaka tisa ilikuwa imepita, alikuwa mtu wa kucheka kidogo tu. Mchana alikula peke yake kwenye kibakuli cha plastiki huku anasoma gazeti la juzi. Mimi nilimwona king'ang'anizi, mzee asiyetaka kustaafu anayejificha nyuma ya kadi moja.

Basi Mkurugenzi akatangaza: Ijumaa ni hafla ya kumuaga Mzee wetu, na siku hiyohiyo kamusi iwe imeondoka kwenda kiwandani. Akaniita ofisini kwake.

"Ndi... mama," alisema, nusura ulimi umteleze, "Sh ikichelewa, itabidi nimpe mtu mwingine aimalizie."

Mtu mwingine alikuwa mpwa wake, kijana asiyejua tofauti ya shari na shali. Nilipanda ngazi nimefura. Alhamisi mchana Mzee alikwenda kupimwa macho. Nikavuta droo, nikafungua uzi mweupe, nikahesabu kadi, arobaini na moja, nikafunga uzi mwekundu. Nikaingiza maana mbili kwenye kompyuta. Fungu nikalipeleka stoo kwa mkono wangu, nikamkabidhi mtunza stoo. Nilijiambia Jumatatu nitamweleza Mzee, atanuna, yatakwisha. Wala moyo haukunisuta. Nilisikia nafuu, kama mtu aliyetolewa mwiba.

Ijumaa saa sita mchana tukashuka ukumbini. Ni ukumbi wa mikutano, una viti vya bluu na harufu ya zulia lililowahi kulowa. Siku hiyo walikuwa wameuvika mapazia ya waridi na maputo. Maputo! Kwa mtu wa miaka sitini na mitano aliyetumia maisha yake kusikiliza watu kwenye foleni. Marashi yalikuwa yamechanganyika na mafuta ya kuku mpaka hewa ikawa nzito kooni. Mshereheshaji, kijana wa suti ya kung'aa na viatu vyenye ncha, alishika maiki kana kwamba anataka kuimeza. "Sherehe juu! Sherehe ni sisi! Kama hujaja kusherehekea, umefuata nini?" Kabla sahani hazijafika alikuwa amelitaja neno hilo mara ishirini na sita. Nilihesabu, ndiyo kazi yangu.

Mzee aliletwa na gari la ofisi moja kwa moja kutoka kwake, hakupitishwa juu kwenye droo zake. Wakamkalisha meza kuu kati ya Mkurugenzi na mke wa Mkurugenzi. Wakamvisha begani mkanda wa kitambaa ulioandikwa SHUJAA WETU kwa herufi za kumetameta, na zile chembe za kumetameta zikawa zinamdondokea kwenye wali. Alikaa ameinama kama mtu anayesubiri kunyolewa.

Mbele ya kila mgeni, imeegemezwa kwenye glasi, palikuwa na kadi yenye cheo chake kwa maandishi ya dhahabu. Yangu ilisema MHARIRI SH. Niliutambua mkono wa katibu muhtasi wa Mkurugenzi. Dada huyo ana mwandiko mzuri, Mungu amuongezee na akili. Mambo yote yangekuwa tofauti kama ningeigeuza. Sikuigeuza. Kulia kwangu walikuwa wamemweka afisa uhusiano, bwana mmoja mnene anayeongea na chakula mdomoni, na kila aliposema "kwa hakika" punje mbili tatu za wali zilisafiri. Nilikuwa nimeshughulika kumkwepa.

Aliposema "kwa hakika" ya nne akapiga meza kwa kijiko, mchuzi ukaruka, ukatua kwenye sketi yangu. Mchuzi wa njano, una mafuta, unateremka taratibu kuelekea gotini.

"Oo, pole sana mama," alisema, akanyosha mkono na kidole chake chenye mafuta ili anisaidie.

"Usiniguse."

Vitambaa vya karatasi vilikuwa vimeishia meza kuu. Nikaichukua ile kadi yangu, ngumu, nzuri, nikakwangua mchuzi kwa ukingo wake, nikaisukumia kwenye sahani ya mifupa. Muosha vyombo, mwanamke wa makamo mwenye aproni ya nailoni, akapita na ndoo yake ya makombo, akaizoa sahani na vyote vilivyokuwamo. Nilimshukuru.

Afisa uhusiano akamaliza kuku wake. Akachukua kadi yake, akakunja pembe, akaanza kuchokonoa meno. Upande wa dhahabu ulimwelekea yeye. Mgongo ulinielekea mimi, na kwenye mgongo niliona wino wa bluu, mwandiko mdogo wa kulala, na tarehe kwa penseli. *Walisema sherehe inaanza saa nane. Saa kumi hata maji hatujapewa.*

"Toa hiyo mdomoni," nikamwambia.

"Samahani?"

"Toa! Hiyo!"

Nikampokonya. Pembe ilikuwa imelowa. Nikageuza ya jirani yake, nikageuza ya mbele. Kila moja ilikuwa na mkono wa Mzee mgongoni. Nikainuka, nikamwendea mtunza stoo aliyekuwa amesimama mlangoni na soda.

"Kadi hizi mmezitoa wapi?"

"Si fungu la jana, mama? Katibu alitaka karatasi ngumu." Akanitazama uso. "Kwani halikuwa jekundu?"

"Lilikuwa jekundu."

"Basi?"

Basi nini? Alikuwa amefuata waraka. Nilitaka kumzaba mtu kofi, na kila nilipotafuta wa kuanza naye nilijikuta mimi wa kwanza.

Nikaanza kuzunguka meza kwa meza, nainama, nanong'ona, naomba. Wengine walinipa. Wengine walikumbatia kadi zao kama cheti cha ndoa: "Aa, mama, hii naipeleka nyumbani!" Kwenye meza moja walikuwa wameweka kadi chini ya chupa ya soda ili isiloweshe kitambaa. Kwenye nyingine mtu alikuwa ametemea kipande cha mfupa juu yake. Mshereheshaji akaniona. "Naona mama yetu anachukua majina ya walioongeza nyama!" Ukumbi ukaangua kicheko. Na katikati ya kicheko hicho nikamwona Mzee ananitazama. Akatazama kadi zilizo mkononi mwangu. Kisha akachukua ya kwake, iliyoandikwa MGENI RASMI WA MOYO WETU, akaigeuza.

Aliirudisha mezani taratibu, akaweka mikono juu yake, yote miwili.

Wakaanza hotuba. Mkurugenzi aliongea dakika arobaini. Alisema Mzee ni hazina, ni maktaba inayotembea, alisema tutayaenzi aliyotuachia, na huku anasema hayo kiwiko chake kilikuwa kimelalia kadi. Akajifuta jicho ambalo halikuwa na chozi. Akatoa zawadi: saa ya ukutani yenye picha ya Mkurugenzi mwenyewe katikati, mishale inamzunguka usoni. Makofi yakapigwa mpaka maputo mawili yakapasuka. Nilitamani yapasuke yote.

Zamu ya Mzee ilipofika alisimama na mkanda wake.

"Nawashukuru kwa chakula," alisema. Ilibidi mshereheshaji amsogezee maiki. "Nina ombi moja tu. Kila mtu anirudishie kadi iliyo mbele yake. Kama ilivyo."

Watu wakatazamana. Mkurugenzi akaruka, akachukua maiki. "Mmesikia jamani? Mzee wetu anataka kumbukumbu yenu! Hebu kila mmoja amwandikie neno la kumtakia heri!"

Vigelegele. Muziki ukafunguliwa. Katibu muhtasi akapita na peni zile nene za kuandikia mabango. Nilipiga kelele, "Msiandike! Msiandike juu yake!" Nani alinisikia? Upande wa mbele ulikuwa umejaa dhahabu, kwa hiyo waligeuza nyuma, na nyuma wakakuta maandishi ya zamani yaliyofifia, wakaona ni uchafu tu, wakaandika juu yake. *Kila la heri babu.* *Pumzika sasa, umetumika.* Mmoja alichora moyo. Mkurugenzi aliweka sahihi yake ileile ya kwenye waraka, na mkia wake ukapita kadi nzima. Walikuwa wanacheka, wanapigana picha, vidole vya mchuzi kwenye sentensi za watu waliosikilizwa kwa subira miaka kumi na moja. Nimeona mambo mabaya kuliko hayo, lakini sijaona kingine kilichonitia kinyaa kiasi kile, maana wote walidhani wanafanya wema.

Mzee alizihesabu pale mezani, chini ya maputo, watu wakiwa wameanza kucheza.

"Arobaini," aliniambia. "Moja haipo."

Nilijua ipi. Nilitoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Huko nyuma palikuwa na bomba, mabeseni matatu na ndoo za makombo zimepangwa ukutani. Muosha vyombo alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda, viganja vyeupe kwa sabuni. Nikakunja mkono wa blauzi, nikauzamisha kwenye ndoo ya kwanza mpaka kwenye kiwiko. Wali uliovimba, ngozi za kuku, mifupa iliyotafunwa, saladi iliyogeuka ute. Nzi walinipa nafasi kidogo, wakarudi.

"Dada, umepoteza pete?" akauliza yule mama.

"Kadi."

"Ya benki?"

"Ya karatasi tu."

Akaniangalia vizuri, akacheka, kisha akakunja mikono naye akazamisha wake kwenye ndoo ya pili. Hakuuliza zaidi. Tukawa tunakoroga uchafu wa watu kila mmoja na ndoo yake, na yeye anaongea, kama watu wanavyoongea mikono ikiwa na kazi.

"Nyie mna mambo. Mimi kwa wiki naosha vyombo vya shughuli tatu, nne za watu. Muziki, kelele, mpaka kichwa kinaniuma. Sherehe yangu mimi ni nikifika kwangu, nivue hivi viatu, niweke miguu kwenye beseni la maji ya moto, na asiniite mtu. Dakika kumi tu! Hapo hakuna wa kunizidi."

Niliganda. Sikumwuliza. Hakujua mimi ni nani. Hakuwa mfanyakazi wa kamusi. Nikachomoa kalamu niliyokuwa nimeichomeka kwenye nywele, nikaandika pale pale kwenye ukingo wa mkono wangu mwingine wa blauzi, neno kwa neno, mpaka ile dakika kumi tu.

"He! Unaniandika polisi?"

"Nakuandika kwenye kamusi, mama."

"Haya, andika na viatu vinanibana."

Alipomaliza kucheka alinyanyua kitu kutoka ndoo yake. "Hii hapa?"

Ilikuwa kadi yangu. MHARIRI SH ilisomeka bado. Nyuma wino wote ulikuwa umetoka, pamebaki wingu la bluu lenye mafuta, na pembeni tarehe ya penseli, ambayo haikuguswa. Nikaona si kitu. Kati ya kadi arobaini na moja, moja imelowa, tena labda ya maana ya kwanza, na hizo tulikuwa nazo tele. Na mimi nimepata ya tatu! Gari la kiwandani lilikuwa halijaondoka, maana mbili zingeweza kuwa tatu. Nilipanda ngazi mbili mbili, na umri wangu huu, nanuka kama jalala, nafurahi.

Mzee alikuwa chumbani kwetu. Mkanda wa SHUJAA WETU ulikuwa umetupwa kwenye kiti. Alikuwa amezipanga kadi mezani kwa mistari, anazipangusa moja moja kwa leso, zile za moyo na sahihi pamoja na zote.

"Mzee! Tatu! Nimeipata ya tatu!"

Nikamnyoshea mkono wa blauzi. Alivaa miwani, akasoma polepole mpaka kwenye beseni la maji ya moto.

"Ulimwuliza?"

"Sikumwuliza."

"Uliandika papo hapo?"

"Papo hapo, haki ya Mungu."

Akachukua kadi mpya, akainakili kutoka kwenye blauzi yangu kwa wino wa bluu, akaweka tarehe kwa penseli. Midomo ilimcheza kidogo, kama anataka kutabasamu. Hapo nikaona ndipo mahali pa kusema.

"Uzi mwekundu niliufunga mimi."

"Najua. Fundo lako huwa linalala kushoto. Nilimwomba mtunza stoo anionyeshe uzi." Hakuinua macho. "Na iliyopotea?"

Nikamwekea ile kadi iliyolowa mezani. Aliigeuza, akaisogeza dirishani, akatazama ile tarehe ya penseli kwenye pembe.

"Mbili," alisema.

"Tatu, Mzee. Ya hospitali, ya huyu mama, na ya..."

"Hii ndiyo iliyokuwa ya pili."

Nikakaa. Kisha nikafanya nilichofanya siku zote nikikosea, nikawa mkali. "Basi iandike upya! Uliisikia mwenyewe, si uliisikia kwa masikio yako? Ni sentensi moja. Kanuni gani hii ya kutuua? Leo ni siku yako ya mwisho, nani atakuchania?"

"Si kanuni, binti yangu." Alivua miwani. "Sikumbuki."

Huko chini muziki ulikuwa unaendelea, na mshereheshaji anawataka watu wainue mikono.

"Alisema mama watoto wangu," Mzee akasema. "Jikoni, alikuwa anachambua mchele. Nakumbuka sinia. Nakumbuka alicheka mwenyewe baada ya kusema, akaniambia, 'Na hilo nalo unaliandika?' Kalamu nilikuwa nayo, nikaliandika. Miaka miwili baadaye akafa. Maneno yenyewe sikuyashika kichwani, kwa sababu yalikuwa kwenye kadi. Nikija asubuhi nasoma, inatosha mpaka kesho."

"Ndiyo maana hukufunga."

"Nyekundu inashuka stoo. Ningesomea wapi?" Akaifuta meza kwa kiganja. "Ya tatu nimeisikia zamani. Mara nne. Benki, kwa kinyozi, mahali pengi. Nikajitia kiziwi. Mimi niliyekuchania yako."

Nilitazama mkono wangu, ulikuwa umekauka, ngozi imevutwa na mafuta.

"Wewe ndiye uliyelishika fungu hili baada yangu," akasema, na sasa alinigeukia kabisa, na usoni pake palikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona miaka yote hiyo, tumaini la wazi, la kuaibisha. "Kila mwaka unalipitia. Na jana ulilihesabu. Ilikuwa chini ya ile ya hospitali. Ilisemaje?"

Nilifumba macho. Nilitafuta. Nilimwona yule mwanamke wa foleni, nikausikia mpaka utulivu wa tumbo lake. Chini yake palikuwa na ukingo wa kadi, ukingo tu, na kidole gumba changu kinaupitisha haraka.

"Nilikuwa nahesabu tu, Mzee."

Aliitikia kwa kichwa mara mbili. Akazikusanya kadi zote arobaini na mbili, ile isiyo na kitu akaiweka juu, akavuta uzi mweupe kutoka kwenye droo, akauzungusha.

"Weka kidole hapa nifunge," alisema, na mimi nikaweka, mkono wangu bado unanuka mchuzi.